Bunduki na mti wake: Je, kuulaza upya mtambo huongeza shabaha?

Anayeteremka kutoka mashamba ya chai ya Kericho kuelekea Soin hubadilisha hali ya hewa kwa muda mfupi mno. Juu, kwenye kimo cha takriban mita 2,000, mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na ukungu hutanda juu ya majani chai tangu alfajiri. Chini, katika nyanda zinazopakana na Kaunti ya Kisumu, jua ni kali, na mashamba ya miwa huchukua nafasi ya michai. Jina lenyewe linabeba maana hiyo, kwani miongoni mwa jamii za Wakalenjin soin ni nchi ya chini yenye joto.

Seremala yeyote wa Kericho anajua athari za tofauti hiyo. Mlango uliotengenezwa kwa mbao kavu zilizoletwa kutoka nyanda za chini hufura msimu wa mvua hata ukakataa kufungika. Hapo randa hutosha. Lakini ipo kazi nyingine ya mbao ambayo kufura au kusinyaa kwake hata kwa unene wa kadi tu kunaweza kuwa na madhara makubwa zaidi. Kazi hiyo ni mti wa bunduki, yaani sehemu ya mbao inayobeba mtutu na mtambo wake, na ambayo mpigaji huiegemeza begani.

Kwa miaka mingi mafundi wa bunduki wamekuwa wakidai kwamba bunduki ya komeo, ambayo mpigaji huikoki kwa mkono kila anapotaka kufyatua, hupata shabaha bora zaidi iwapo mtambo wake utalazwa upya ndani ya mti huo. Wapo wanaoapa kwamba kazi hiyo hubadilisha bunduki mbovu ikawa ya ajabu. Wapo pia wanaoiona kuwa njia ya kumtoa mwenye bunduki pesa bure. Ukweli uko wapi?

Swali hili si la wachezaji wa shabaha pekee. Katika mpaka wa Kericho na Kisumu, hususan eneo la Sondu, wizi wa mifugo na mapigano ya kijamii yamesababisha maafa zaidi ya mara moja, na walinda usalama wamelazimika kubeba silaha karibu na makazi ya watu, masoko na shule. Risasi inayokwenda kombo ya kilengeo haimchagui mtu. Kwa hiyo bunduki isiyotuma risasi mahali ilipoelekezwa ni hatari hata ikiwa mikononi mwa askari mwenye nidhamu.

Maana ya kulaza mtambo

Bunduki ya komeo ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni ya chuma: mtutu, chemba inayobeba risasi, komeo lenyewe na kifyatulio. Ya pili ni mti, uliochongwa kwa ndani ili upokee chuma hicho. Sehemu hizo hushikanishwa kwa skurubu, kwa kawaida mbili au tatu.

Risasi inapofyatuliwa, gesi moto huisukuma mbele kwa nguvu kubwa, na chuma chote hurudi nyuma kikiupiga mti teke kabla ya teke hilo kumfikia mpigaji begani. Wakati huo huo mtutu hutikisika mithili ya uzi wa zeze uliochokolewa. Risasi hutoka mtutu ukiwa bado unatikisika. Mtikisiko huo si tatizo ikiwa ni ule ule kila mara, kwa sababu mpigaji anaweza kurekebisha kilengeo chake ipasavyo. Tatizo huzuka pale chuma kinapokaa kwa namna moja katika risasi ya kwanza, kwa namna nyingine katika ya pili, na tofauti tena katika ya tatu.

Kulaza mtambo ni kuhakikisha kwamba chuma kinakaa mahali pale pale kila baada ya teke. Zamani fundi alipaka chuma masizi au rangi, akakiweka ndani ya mti, akakitoa na kuchonga kila palipoachwa alama, hadi viguse sawasawa. Tangu miaka ya 1950 mafundi wengi wametumia gundi ngumu ya epoksi, mara nyingine ikichanganywa na nyuzi za faibaglasi. Gundi hiyo hujaza mapengo yote kati ya chuma na mbao, na ikishakauka huacha umbo linalolingana na chuma kwa usahihi ambao patasi haiwezi kuufikia kwa urahisi. Wengine huongeza vipande vya bomba la alumini kuzunguka skurubu, ili zikikazwa zibane chuma kwa chuma badala ya kuiponda mbao.

Hatua nyingine inayoandamana na kazi hiyo ni kuuacha mtutu uelee, yaani kupanua mfereji wa mbao ili mtutu usiguse mti popote mbele ya chemba. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: karatasi hupitishwa kati ya mtutu na mbao, na inapaswa kuteleza hadi karibu na chemba bila kukwama.

Mbao na unyevu wa hewa

Mbao haifi ikikatwa. Huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikikaa muda mrefu mahali ambapo unyevu wa hewa ni asilimia 80, hushika maji yanayofikia takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ikihamishiwa mahali penye unyevu wa asilimia 50, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 9.

Mti wa jozi, ambao kwa karne nyingi umekuwa chaguo la kwanza la watengenezaji bunduki, hutanuka au kusinyaa kwa karibu asilimia 0.27 kwa kila asilimia moja ya maji inayoongezeka au kupungua, ukipimwa kwa upana wake. Kwa kipande chenye upana wa sentimita 5, mabadiliko ya kutoka asilimia 16 hadi 9 yanakaribia milimita 1. Kwa urefu wa nyuzi zake, mbao karibu haibadiliki kabisa. Kwa sababu hiyo mti wa bunduki haurefuki. Hupinda au hubana mtutu kutoka ubavuni.

Ikumbukwe kwamba mabadiliko haya hayatokei kwa siku moja. Mti uliopakwa mafuta au vanishi huchukua wiki kadhaa kulingana na hewa mpya. Bunduki iliyobebwa asubuhi kutoka ukanda wa chai hadi Soin na kurudishwa jioni haitabadilika. Ile iliyohamishiwa kituo cha nyanda za chini kwa miezi mingi ndiyo inayohitaji kujaribiwa upya kabla ya kuaminiwa.

Funzo la Mark Four na ndugu yake mfupi

Bunduki ya komeo inayofahamika zaidi nchini Kenya ni Lee-Enfield ya Uingereza, yenye risasi ya .303. Aina yake ya Namba 4, iliyoidhinishwa mwaka wa 1939 na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1941, ndiyo ambayo Wakenya huiita Mark Four.

Mti wa Lee-Enfield haukuchongwa kutoka kipande kimoja. Kitako cha nyuma hushikwa na bolti ndefu, ilhali mbao ya mbele hushikwa kivyake. Teke lote la mtambo dhidi ya mbao ya mbele huishia kwenye nyuso mbili ndogo zilizo nyuma ya mbao hiyo. Nyuso hizo zikiliwa au kupondeka, chuma huanza kucheza na risasi hutawanyika. Waaustralia waliotengeneza Lee-Enfield katika kiwanda cha Lithgow walilifahamu jambo hilo vyema. Walipotumia mbao za kwao zilizokuwa laini kuliko jozi, walipachika vipande vya shaba kwenye nyuso hizo ili zistahimili teke.

Aidha, mtutu mwembamba wa Namba 4 haukukusudiwa kuelea. Mbao ya mbele ilitakiwa kuusukuma juu karibu na mdomo kwa nguvu ya takriban kilo 1 hadi 3, ili kuutuliza mtikisiko wake. Fundi anayeichonga mbao hiyo akidhani anaiga bunduki za kisasa huenda akaiharibu shabaha badala ya kuiboresha. Kwa upande mwingine, jeshi la Uingereza lilipoigeuza Namba 4 kuwa bunduki ya mdunguzi ya L42A1 mwaka wa 1970, liliipa mtutu mzito wa milimita 7.62, likafupisha mbao ya mbele na kuuacha mtutu uelee. Mtambo ulikuwa wa ukoo ule ule, lakini mtutu tofauti ulidai ulazaji tofauti.

Mfano unaowagusa Wakenya zaidi ni ule wa Namba 5, Lee-Enfield fupi iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1944 kwa ajili ya vita vya msituni. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 48 hivi badala ya 64, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 3.2 dhidi ya kilo 4.1 za Namba 4. Ili kupunguza uzito huo, chuma kilipunguzwa kwenye mtutu na hata kwenye mwili wa mtambo. Baadaye bunduki hiyo ilibebwa na wanajeshi wa King's African Rifles katika misitu ya Kenya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 kufuatia vita vya Mau Mau.

Namba 5 ilijulikana kwa kasoro moja kubwa: ilisahau shabaha yake. Askari aliirekebisha leo ikapiga katikati, na baada ya muda ikapiga kando bila yeye kugusa kilengeo. Utengenezaji wake ulisitishwa mwaka wa 1947. Jeshi lilisema kasoro hiyo ilitokana na muundo wenyewe, na wachunguzi wengi wamekilaumu chuma kilichopunguzwa kwenye mtambo, ingawa wapo wanaoamini kwamba jeshi lilikuwa tayari linatafuta kisingizio cha kuhamia bunduki zinazojikoki zenyewe. Iwe iwavyo, funzo ni wazi. Ikiwa ugonjwa uko ndani ya chuma, kuutibu mti hakusaidii.

Walipolazimika kuiacha mbao

Mfano wa kinyume ulitokea Vietnam. Mwaka wa 1966 kikosi cha wanamaji wa Marekani kilianza kutumia bunduki ya mdunguzi ya M40, iliyotokana na Remington 700 na kuwekewa mti wa jozi. Katika joto na unyevu wa nchi hiyo, miti hiyo ilifura na kupinda hata ikaigusa mitutu iliyokuwa ielee. Mitutu na mitambo haikuwa na kosa. Katika miaka ya 1970 toleo lililofuata, M40A1, lilipewa mti wa faibaglasi na mtambo wake ukalazwa kwa epoksi. Tatizo la kupinda likaisha. Hapa ugonjwa ulikuwa kwenye mti, na dawa ilitiwa kwenye mti.

Kwa wawindaji wa Afrika Mashariki, sababu ya kulaza mtambo ilikuwa tofauti kidogo. Kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na hadi leo nchini Tanzania ambako bado unaruhusiwa kwa leseni, bunduki za komeo za risasi nzito kama .375 na .416 zimetumiwa dhidi ya nyati na ndovu. Mwindaji mashuhuri wa Kenya, Harry Selby, alijulikana kwa .416 Rigby aliyoinunua mwaka wa 1949. Nyati hupigwa kwa kawaida akiwa karibu, na sentimita mbili kando si hoja. Hoja ni teke. Bunduki ya namna hiyo isipolazwa vizuri, jino la chuma linalopokea teke huupasua mti kutoka ndani. Ndiyo maana mafundi huziwekea bolti zinazokatiza mti kwa upana, nyuma ya jino hilo. Mti ukipasuka katikati ya safari ya kumfuatia nyati aliyejeruhiwa, kinachopotea si shabaha tu.

Namna ya kupima faida

Upotoshaji mwingi kuhusu suala hili hutokana na upimaji duni. Mtu hupiga risasi tatu, hupeleka bunduki kwa fundi, kisha hupiga nyingine tatu. Matundu yakikaribiana zaidi, fundi husifiwa. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba hilo halithibitishi lolote.

Chukua bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu huwa na upana wa sentimita 4 kwa wastani. Bunduki hiyo hiyo, bila kuguswa na mtu, itatoa wastani wa sentimita 5.1 kwa makundi ya risasi tano, na sentimita 6.3 kwa makundi ya risasi 10. Isitoshe, kundi moja la risasi tano linaweza kutofautiana na wastani wake kwa robo nzima kutokana na bahati pekee. Kwa hivyo, ili kuthibitisha kwamba ulazaji umepunguza mtawanyiko kwa asilimia 30, mpimaji anahitaji makundi takriban 10 ya risasi tano kabla ya kazi na mengine 10 baada yake. Akitaka kuthibitisha nafuu ya asilimia 10 tu, idadi hiyo hupanda hadi karibu makundi 90 kila upande, gharama ambayo ni wachache watakaokubali kuilipa.

Hata hivyo, kipimo kilicho muhimu kuliko upana wa kundi moja ni mahali kundi linapoangukia siku baada ya siku. Faida kubwa ya ulazaji mzuri mara nyingi haionekani katika alasiri moja uwanjani. Huonekana pale bunduki inapotolewa sandukuni baada ya miezi mitatu, msimu ukiwa umebadilika, na risasi ya kwanza ikagonga palipokusudiwa.

Dalili za kuangalia

Kabla ya kuulaumu mti, fundi mwenye busara huanza na mambo mepesi. Huhakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi. Kisha hukagua iwapo skurubu zimelegea, iwapo kilengeo au darubini inacheza, iwapo mdomo wa mtutu umeumia, na iwapo mifuo ya ndani imelika au imeshika kutu. Hujaribu pia risasi za aina nyingine, kwa kuwa mtutu mmoja waweza kuzikataa risasi ambazo mwingine unazipenda. Yoyote kati ya kasoro hizo yaweza kutawanya matundu kuliko mti uliolegea.

Akiridhika kwamba hayo yako sawa, hutafuta dalili za ulazaji mbovu. Ya kwanza ni shabaha inayohama pamoja na msimu. Ya pili ni nyufa nyuma ya mtambo. Ya tatu ni alama za mng'aro upande mmoja wa mfereji wa mtutu, zinazoonyesha kwamba chuma na mbao vinasuguana. Ya nne hupatikana kwa kidole: mkaguzi hukiweka kwenye kiungo cha mtutu na mbao huku skurubu moja ikilegezwa polepole. Akihisi mtutu ukiinuka au kushuka, basi mtambo ulikuwa umekunjwa kwa nguvu ili ukae ndani ya mti usioulingana.

Kiasi cha kukaza skurubu pia kina uzito wake. Mti mtupu wa mbao huhitaji nguvu ndogo kuliko ule wenye nguzo za alumini, na kukaza kupita kiasi huiponda mbao kidogo kidogo hadi skurubu zilegee tena. Si ajabu bunduki ikapata nafuu kwa bisibisi yenye kipimo pekee, pasipo gundi yoyote.

Mkono wa sheria

Nchini Kenya, kazi hii haifanywi chini ya mwembe na yeyote aliye na patasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila anayemiliki bunduki awe na cheti, na anayekarabati silaha kama biashara awe amesajiliwa kufanya hivyo. Mwenye bunduki halali anayemkabidhi seremala wa kijijini silaha yake, hata kwa nia njema, anajiweka yeye na seremala huyo mashakani. Fauka ya hayo, epoksi iliyomwagwa vibaya inaweza kuukwamisha mtambo ndani ya mti au kuingia kwenye kifyatulio, na kifyatulio kisichoaminika ni hatari kubwa kuliko shabaha mbovu.

Jibu la swali la awali basi si ndiyo tupu wala la tupu. Kulaza mtambo hakuongezi kitu ambacho mtutu hauna. Huondoa kizuizi kilichouzuia mtutu kufanya kazi yake. Pale mti ulipofura, kupinda au kupondeka, faida huwa kubwa na hudumu. Pale mti ulipokuwa ukilingana na chuma tangu mwanzo, faida huwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Na pale kasoro ilipo ndani ya chuma, kama ilivyodhihirika katika Lee-Enfield fupi ya Namba 5, hakuna gundi itakayoifunika. Kwa bunduki inayopelekwa huku na huko kati ya ukungu wa Kericho na jua la Soin, kazi ya kwanza ni kuipiga shabaha upya uwanjani kila hali ya hewa inapobadilika na kuandika ilipopiga. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazoonyesha iwapo kuna haja ya kumwita fundi.